Slogani, taglaini, ahadi, wito: mwongozo kamili wa maneno mafupi ya biashara yako, kwa mifano ya huku kwetu Mwanza

Wadau wa biashara hapa Mwanza na kanda ya ziwa yote, leo tuongelee kitu kinachokula hela za watu kila siku, yani yale maneno mafupi yanayokaa chini ya jina la biashara, kwenye bango, stika, lebo, status na bio. Panda daladala Nyegezi ushuke Kirumba ukiwa unasoma mabango njia nzima, utaona ni yaleyale, HUDUMA BORA KWA BEI NAFUU, saluni inasema hivo, hardware inasema hivo, duka la dawa linasema hivo, na wote wamelipia rangi. Hao watu wana biashara nzuri tu, ila fundi wa mabango anauliza "tuweke na slogani gani boss?" na mwenye biashara anatoa lililo karibu na mdomo, wakati hilo neno slogani tumelirundikia vitu kama sita tofauti na kila kimoja kina kazi yake na mahali pake.

Tutaenda hatua kwa hatua, na mfano wetu kuanzia mwanzo mpaka mwisho utakuwa biashara ya dagaa wa paketi, maana kila mtu huku anaielewa na ushindani wake ni mkali kwelikweli.

Kabla hujaandika, jua kipi ni kipi

Cha kwanza ni AHADI, na hii ndio inayozaa mengine yote. Ni sentensi moja ya kawaida inayomwambia mteja atapata nini kwako ambacho hapo jirani hakipo. Haihitaji utamu wowote. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 ujumbe wake ulikuwa tuma pesa nyumbani, basi, lakini mtu aliyeko Nairobi na mama yake yuko kijijini alielewa palepale hiki kitu ni cha nini na kwanini anakihitaji.

TAGLAINI ni maneno machache yanayotembea na jina la biashara miaka na miaka. Mabenki wanazo hizi, CRDB walijulikana kwa Benki inayomsikiliza mteja, NBC Daima karibu nawe, NMB Karibu yako. Kuna moja maarufu duniani, A Diamond Is Forever, kwamba almasi ni ya milele, iliandikwa 1947 na dada mmoja wa Marekani anaitwa Frances Gerety kwa ajili ya De Beers, ndio haohao waliowahi kuwa na hisa kwenye mgodi wa Mwadui hapo Shinyanga. Almasi zimeendelea kuuzwa kwa hilo neno vizazi na vizazi.

SLOGANI YA KAMPENI yenyewe ina msimu. Inazaliwa na jambo fulani, ofa, bidhaa mpya, uchaguzi, na jambo likiisha nayo inapumzika. Airtel Yatosha ilikuwa ya vifurushi, haikuwa ya kampuni nzima. Mara chache sana slogani inakataa kufa, mfano Hapa Kazi Tu ilikuwa ya kampeni za urais 2015 lakini iko mpaka kwenye jina la meli yetu ya kwenda Bukoba, MV New Victoria Hapa Kazi Tu. Wewe usitegemee bahati hiyo, panga kabisa kwamba itakaa wiki kadhaa na kuondoka.

KAULIMBIU kwa maana ya msemo wa watu wa ndani, hii inawafunga wenyewe kwa wenyewe. Uhuru na Umoja ya taifa. Nguvu Moja ya Simba. Daima Mbele, Nyuma Mwiko ya Yanga. Hapo hakuna anayeuziwa kitu, ni watu wanajikumbusha wao ni nani. Duka lenye wafanyakazi wawili halihitaji hii, ukiwa na timu kubwa au chama cha ushirika sawa, ina maana.

WITO ni ile sentensi inayomwambia mteja afanye nini sasa hivi, piga, tuma, njoo, agiza. Alafu kuna JINGO, ambayo ni maneno pamoja na sauti kwa ajili ya redio, kama bado huna bajeti ya redio achana nayo kwanza. Hashtegi nayo ni lebo tu ya kukusanya posti zako sehemu moja, wala usiipe uzito kuliko inavyostahili.

Sasa kazi.

Hatua ya 1: Itoe ahadi kwenye mdomo wa watu, usiitunge ukiwa umekaa

Watu wengi hapa wanachukua kalamu wanaanza kutafuta maneno matamu. Maneno matamu yatakuja baadae. Kwanza nenda kaongee. Ukifika soko la Mwaloni pale Kirumba ukamkuta mama anayeuza dagaa wakavu ambaye wateja wake wanawapita jirani zake wote kumfuata yeye, maongezi yanakuwa hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, nikupimie?"
"Ndio mama, robo. Hivi mama, mbona hawa watu wanakuja kwako moja kwa moja?"
"Dagaa wangu wazuri."
"Wazuri vipi? Si hata hawa wa pembeni ni dagaa wa ziwa hilihili?"
"Wale wanaanikwa chini. Mimi naanika juu ya chanja mwanangu, ukipika hukuti mchanga."

Hapo hapo, simama. (Chanja ni ile meza ya kuanikia iliyoinuliwa juu ya ardhi.) Jibu la kwanza, "dagaa wazuri", ndio ambalo wengine wote wangeenda kuliandika kwenye lebo, na ahadi yenyewe imekuja kwenye jibu la pili baada ya kuuliza "vipi". Kila anayekula dagaa anaijua ile hali ya kutafuna kitu kikalia kra kwenye meno alafu hamu yote inaisha, na kila mama wa nyumbani anajua kuosha dagaa maji matano na bado. Kwahiyo ahadi imeshapatikana: dagaa hawa wameanikwa juu ya chanja, hawajagusa ardhi, hutakuta mchanga.

Kanuni ni kuuliza "vipi?" au "kwa maana gani?" mpaka mtu atoe kitu kinachoonekana kwa macho au kuhisiwa mdomoni. Waulize na wateja wenyewe, hasa waliorudi mara ya pili, muulize alipomwelezea jirani yake alisema nini. Maneno aliyotumia yaandike kama yalivyo, usiyasafishe, maana huyo ndio mtu anayekutangaza bure na tayari anajua lugha ya mtaa wake.

Hatua ya 2: Ijaribu kama inabeba mzigo

Jaribio la kwanza ni kubadilisha jina. Chukua sentensi yako, weka jina la mshindani wako mbele yake. Ikikubali bila shida, hiyo ahadi sio yako. "Sato fresh kutoka ziwani", sasa Mwanza nzima sato anatoka wapi? Mteja wa Dodoma anaweza akasisimka, wa Igoma hapana.

Jaribio la pili ni kujiuliza kama unaweza kuitimiza siku mbaya, yani siku mvua imenyesha, umeme umekatika na kijana wako hajaja kazini. Domino's wa Marekani waliahidi pizza ndani ya dakika 30 la sivyo unapata bure, ahadi nzuri sana na iliwakuza, lakini madereva wakawa wanalaumiwa kwa kukimbiza magari, kesi zikaja za ajali, 1993 wakaiondoa. Ndugu yangu unayefanya delivery kwa bodaboda kutoka mjini mpaka Buswelu, kabla hujaandika "dakika 20 mlangoni kwako" muonee huruma huyo kijana anayeendesha. Andika "leo leo", inatosha na hakuna anayeumia.

Na kuna ahadi inayotoka kwenye udhaifu, hii naipenda sana. Avis, kampuni ya kukodisha magari, walikuwa namba mbili nyuma ya Hertz, 1962 wakaamua kulisema hilo waziwazi, kwamba kwa kuwa sisi ni wa pili tunajitahidi zaidi. Kama kaduka kako kadogo, sema kadogo ndio maana mwenye duka mwenyewe ndio anakuhudumia. Watu wanaamini haraka mtu aliyekubali kitu kisichompamba.

Hatua ya 3: Ibane iwe taglaini

Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tumebarikiwa, tumekulia kwenye misemo, majina ya kanga, maandishi ya nyuma ya daladala na majina ya mitumbwi. Kubana maneno tunajua. Tunachokosa ni kuhesabu.

Hesabu mizani, kama shairi. Hapa kazi tu, ha-pa-ka-zi-tu, mizani 5. Karibu yako, 5. Kazi ni kwako, ile ya zamani ya Vodacom, 5. Nguvu moja, 4. Daima mbele nyuma mwiko ni 5 na 4, alafu imegawanyika katikati, mbele huku nyuma kule, mdomo unaivuta wenyewe bila kulazimishwa, ndio maana inaimbwa uwanjani na watu elfu kadhaa bila aliyeianzisha kuonekana. Sasa hesabu Benki inayomsikiliza mteja, hiyo inafika kama 13. Je ni mbaya? Hapana, inafanya kazi nyingine, hiyo ni ahadi iliyopandishwa ikawa taglaini, inasomwa ukiwa umesimama kwenye foleni, haipigiwi kelele. Kwahiyo amua mapema, maneno yako yatatamkwa au yatasomwa? Ya kutamkwa yasizidi mizani 9, ya kusomwa yanaweza kwenda mbele kidogo ila yawe yanaeleza kitu.

Turudi kwenye dagaa. Andika nyingi, hata ishirini, bila kuzihukumu. "Dagaa bila mchanga", mizani 8, iko wazi, ni ahadi iliyobanwa. "Dagaa safi, mchanga hakuna", 5 na 6, ina mdundo lakini "safi" hapo haijabeba kitu. "Dagaa wa chanja", fupi, ila mtu wa mjini asiyejua chanja ni nini unampoteza. "Tafuna bila hofu", 7. Hii ndio mimi ningechukua, maana inamgusa mlaji kwenye meno palepale anapoogopa, na neno mchanga halimo ila kila aliyewahi kuutafuna anakumbuka. Kesho ukiongeza na sangara wa kukausha, bado inafaa, tofauti na ile yenye neno dagaa ndani ambayo itakufungia mlango.

Ila tahadhari, "Tafuna bila hofu" ikikaa peke yake mtu hajui ni nini, inaweza ikawa hata ya daktari wa meno. Kwahiyo inakaa na ahadi chini yake kwa herufi ndogo: Dagaa wa Ziwa Victoria walioanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Taglaini inavuta, ahadi inaeleza.

Kuhusu lugha, huku watu wanapenda kuchanganya na Kisukuma, na ukiandika Mwangaluka, yani ile salamu ya asubuhi, kwenye bango la mgahawa wa asubuhi hapa mjini watu watatabasamu na kuingia. Kwenye paketi inayosafirishwa Dar au Mbeya baki na Kiswahili. Kiingereza weka pale tu ambapo mteja wako mwenyewe anakiongea akiwa ananunua.

Hatua ya 4: Slogani ya kampeni, ifuate kalenda ya kwenu

Kalenda za matangazo za mitandaoni zimejaa Valentine na Black Friday. Sisi ziwani tuna kalenda yetu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, mzigo unapungua na bei inapanda. Mteja wa mjini hajui hilo, anaona tu leo dagaa wamepanda. Sasa giza likianza na mitumbwi ikirudi na mzigo, hapo una habari ya kweli mkononi: "Giza limeingia, dagaa wapya hawa!" Hiyo inakaa status siku chache, inatolewa, mwezi unaofuata inarudi, na baada ya muda wateja wenyewe wanaanza kukuuliza giza limeingia?

Kwa watu wa usafiri na mizigo mmepata yenu. Daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji, na wote tunakumbuka foleni ya kivuko pale. "Sengerema bila kusubiri" ni slogani nzuri kwa sasa. Miaka mitano ijayo kutakuwa na vijana ambao hawajawahi kusubiri kivuko na haitawaambia kitu, kwahiyo usiichore kwenye gari lote kwa rangi ya kudumu, weka stika.

Hatua ya 5: Wito

Huu ndio unaoleta hela na ndio unaosahaulika zaidi, unakuta lebo nzuri, picha ya dagaa inang'aa, namba ya simu hakuna. Wito mzuri una vitu vitatu, kitendo, njia, na sababu ya kufanya sasa. "Karibuni sana" hauna hata kimoja. "Agiza WhatsApp kabla ya saa 10 jioni, kesho asubuhi mzigo uko kwenye basi" una vyote. Tumia kitendo kimoja tu, ukiandika piga, tembelea, follow, share na comment kwa pamoja mtu hafanyi chochote. Na namba iwe moja, ile inayopokelewa.

Hatua ya 6: Pima nafasi kabla ya kupeleka maneno

SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ukiweka emoji hata moja inashuka mpaka 70, kwahiyo ujumbe uleule unahesabiwa kama meseji mbili au tatu na unalipia zote. Ukinunua huduma ya meseji za jumla, jina la mtumaji lina mwisho wa herufi 11, angalia jina lako kama linaingia. Bio ya Instagram ni 150, TikTok 80, ile About ya WhatsApp 139. Hesabu zote hizo ni pamoja na nafasi tupu kati ya maneno.

Mgao ninaoupendekeza: TikTok weka ahadi peke yake. Instagram weka ahadi na wito. SMS anza na slogani ya kampeni alafu wito, taglaini iache. Bango la barabarani weka jina, taglaini na namba, basi, mtu yuko ndani ya hiace hawezi kusoma aya. Lebo ya paketi ndio pekee yenye nafasi ya jina, taglaini na ahadi vyote, kwa sababu mtu anaishika mkononi.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuprinti

Mpigie mtu simu akiwa sokoni penye kelele, mwambie taglaini mara moja, muombe airudie. Akikosea neno, badilisha hilo neno. Kisha mtumie mtu asiyejua biashara yako, usimuulize "unaionaje?" maana atasema nzuri tu, sisi ni watu wa adabu, muulize "unadhani hapa wanauza nini?" Jibu lake ndio ukweli wako. Kesho yake muulize kama anakumbuka, bila kumsaidia.

Isome pia kwa akili chafu, au mpe kijana wa kijiweni aisome. Kiswahili cha mtaani kinabadilika haraka na neno lako la heshima linaweza kuwa na maana nyingine huko, bora ulijue leo kuliko baada ya kuprinti lebo 1,000.

Hatua ya 8: Sheria, usiruke hapa

Kusajili jina la biashara BRELA, yani wakala wa serikali wa usajili wa biashara, hakukupi umiliki wa alama wala taglaini, hivyo ni vitu viwili. Kwa Tanzania bara alama ya biashara inasajiliwa BRELA hukohuko lakini kwa ombi lake, usajili wa kwanza ni miaka 7 na baada ya hapo unahuisha kwa miaka 10 10. Maombi yanaenda kwa madaraja ya bidhaa, samaki waliosindikwa wako daraja la 29. Jua pia kwamba maneno yanayoeleza bidhaa tu, mfano "Dagaa bila mchanga", ni magumu kusajiliwa kwa sababu kila muuzaji ana haki ya kuyasema, wakati "Tafuna bila hofu" ina nafasi nzuri zaidi. Hii nayo ni sababu ya kutenganisha ahadi na taglaini toka mwanzo.

Usiandike umethibitishwa na TBS, shirika la viwango, kama hauna hiyo alama, tangu 2019 chakula kiko chini yao na wanapita madukani. Usiandike "namba moja Tanzania" kama huna cha kuonyesha, sheria ya ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Na wale mnaoandika dagaa wanatibu macho, wanatibu hiki na kile, acheni, ni chakula kizuri na hiyo inatosha.

Lini ubadilishe

Slogani ya kampeni ibadilishe kila jambo linapobadilika. Wito ubadilishe wakati wowote namba, muda au njia ya kuagiza ikibadilika, siku hiyohiyo, kote. Taglaini usiiguse kwa sababu umeichoka, wewe unaisoma kila siku lakini mteja wako wa Ukerewe ndio kwanza ameiona mara ya pili. Iguse tu pale ahadi yenyewe ikibadilika, mfano ukaacha kuuza wakavu ukahamia wa kukaanga, na hapo unarudi hatua ya 1, unaenda tena kuuliza "vipi?"